Kitambulisho, Mashine na Sheria

(Maneno haya tuliyasema katika semina ya wasaidizi wa kisheria, wazazi na vijana hapa Garissa. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

 

Tumeombwa tuseme juu ya sheria na matatizo ya kisasa. Kichwa hicho ni kipana kweli. Mtu mwingine angeanza na matapeli wa simu, au uongo unaosambazwa kwa WhatsApp. Sisi tumechagua jambo moja tu, ambalo hapa kwetu linawala vijana polepole. Kijana ni Mkenya, baba yake ni Mkenya, babu yake amezikwa Fafi, lakini akienda kuomba kitambulisho, kompyuta inasema yeye ni mkimbizi.

Hebu inueni mikono. Nani hapa ana mtu nyumbani mwenye shida hiyo? Mmoja, wawili, wanne, saba... Basi. Hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Mashirika ya haki za binadamu yamekuwa yakitaja makadirio ya watu wapatao 40,000.

Kwanza tuelezane mambo yalivyoanza, maana baadhi yenu hamkuwa mmezaliwa. Serikali ya Somalia ilianguka Januari 1991. Watu wakavuka mpaka, na kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zikafunguliwa karibu na Dadaab mwaka wa 1991 na 1992. Kambini kulikuwa na maji, zahanati, shule, na mgao wa unga, maharagwe na mafuta ya kupikia. Nje ya kambi, kwa mwenyeji, kulikuwa na nini? Jua. Mtu aliyemaliza mbuzi wake wote kwa ukame alikaa chini ya mti akitazama malori ya chakula yakimpita. Lugha yake na ya mgeni ni moja, dini ni moja, mara nyingine hata ukoo ni mmoja. Sasa mama mwenye watoto watano afanye nini? Alikwenda akajiandikisha. Wengine walifanya hivyo miaka ya tisini, wengine baadaye, na wengi katika ukame mkubwa wa 2011, mwaka ambao Dadaab ilipita watu laki nne ikahesabiwa kuwa kambi kubwa kuliko zote duniani.

Na hapa hatuwezi kusema kana kwamba tulikuwa mbali. Mwaka huo wa 2011 tulikuwa vijana kazini, ndiyo kwanza tumetoka chuoni na diploma ya ustawi wa jamii, tukihudumu katika ofisi moja ya misaada. Chakula kilikuwa kinakwisha kabla ya mwezi kwisha. Siku moja akaja mama kutoka upande wa Fafi, ana watoto wanne, wa mwisho yuko mgongoni na hali yake si nzuri. Tulitazama orodha, jina lake halikuwemo. Tulitazama stoo, haikuwa na kitu. Akatuuliza kwa sauti ya chini, "Niende kambini?" Hatukumwandikia barua. Hatukumkataza pia. Tulimwambia tu, "Hooyo, ukienda watoto watakula." Akaenda. Watoto walikula. Yule wa mgongoni aliishi, na mwisho tulipomwona alikuwa anasoma sekondari.

Lakini mwanawe wa kwanza, ambaye siku ile alikuwa na miaka kumi, alitimiza miaka kumi na minane mwaka wa 2019. Alikusanya karatasi zake vizuri: cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi wote wawili, barua ya chifu, cheti cha darasa la nane. Akapigwa msasa na wazee, wakasema huyu ni wetu, tunamjua mpaka babu wa babu yake. Akachukuliwa alama za vidole vyote kumi. Akangoja. Aliporudi akaambiwa, wewe uko kwa wakimbizi. Akauliza, "Nani amesema?" Karani akamgeuzia kioo cha kompyuta aone mwenyewe.

Hatusemi haya ili tusifiwe kwa kukiri. Tungeulizwa tena siku ile ile, na mtoto yule yule mgongoni, huenda tungejibu vile vile. Tunasema kwa sababu tumechoka kusikia, hata katika mikutano ya watu wema, kwamba "hao walidanganya wenyewe". Neno kudanganya ni zito. Mtoto wa miaka kumi anayeambiwa na mama yake weka kidole hapa, amemdanganya nani? Sheria ya Watoto ya 2022 inasema mtoto aliye chini ya miaka kumi na miwili hawezi kuhesabiwa kuwa na hatia ya kosa la jinai. Hata angekuwa ameiba ng'ombe! Lakini kwa kidole alichowekeshwa na njaa, huyu wetu amekuwa akilipa tangu 2019.

Sasa tuitazame hiyo mashine. Zamani mtu akiandikwa kimakosa kwenye daftari, ungemtafuta karani, ungeleta mashahidi, mstari ungekatwa kwa wino mwekundu na sahihi kuwekwa kando. Alama ya kidole ikiingia kwenye kompyuta haina habari kwamba mwaka huo kulikuwa na ukame. Inajua kitu kimoja tu, kwamba kidole hiki kilishawahi kuonekana mahali fulani. Mwaka wa 2013 chakula cha Dadaab na Kakuma kilianza kutolewa kwa kuhakikisha alama za vidole, ili mtu asichukue mgao mara mbili. Hilo tunalielewa, na hatulilaumu. Wafadhili walitaka hesabu, na ni kweli kulikuwa na watu wenye kadi tatu tatu. Lakini alama zile zilizochukuliwa kwa ajili ya unga zikaja kulinganishwa na za waombaji wa vitambulisho, zikawa ushahidi wa nani ni raia na nani si raia. Kitu kilichukuliwa kwa kazi moja kikatumika kwa kazi nyingine, na mwenye kidole hakuulizwa.

(Akina mama wamecheka hapa, maana tumewakumbusha habari ya hina. Kweli, mama akitoka harusini na hina mpya vidoleni, mashine nyingine inakataa kumsoma kabisa. Kwa hiyo kuna wanaokataliwa kwa sababu mashine imewajua, na kuna wanaokataliwa kwa sababu haikuwajua. Tuendelee.)

Wazee mliokaa mbele mnatikisa kichwa, na tunajua mnakumbuka nini. Kupimwa uraia si jambo jipya huku. Sheria ya kipande ilitungwa na Waingereza mwaka wa 1915, na wakati wao mtu wa Northern Frontier hakutoka wilaya yake bila pasi. Uhuru ulipokuja Desemba 1963, hali ya hatari ilitangazwa katika mkoa huu mwezi huo huo, na haikuondolewa mpaka 1991. Halafu Novemba 1989 serikali ikaamuru Wakenya wa asili ya Kisomali wote wachunguzwe upya, na waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi juu ya kitambulisho chao cha kawaida. Mzee mmoja wa Iftin alituonyesha yake, ameihifadhi ndani ya karatasi ya nailoni pamoja na cheti cha ndoa. Alituambia hata leo anaogopa kuitupa.

Lakini tofauti iko. Mwaka wa 1989 mezani walikaa watu. Walikuwa wakali, wengine walikula rushwa, lakini uliweza kubishana nao, ukawatajia ukoo wako, ukamleta mjomba akuapie. Kijana wa leo anabishana na nani?

Tufike sasa kwenye sheria yenyewe, maana ndiyo mliyoitiwa. Mtu asiwaambie kwamba Kenya haina sheria. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa baba yake au mama yake alikuwa raia, awe amezaliwa Kenya au nje. Hakisemi "isipokuwa aliyewahi kula chakula cha UNHCR". Kifungu cha 12 kinampa kila raia haki ya kupata pasipoti na hati za usajili. Kifungu cha 47 kinasema ukiamuliwa jambo la kukuumiza na ofisi ya serikali, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Halafu ikaja Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Hiyo inasema taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu iliyo wazi, wala zisitumike kwa jambo lisilopatana na sababu hiyo. Kifungu chake cha 35 kinampa mtu haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo zito la kisheria. Kifungu cha 40 kinampa haki ya kudai taarifa yenye makosa irekebishwe au ifutwe.

Mkisikia hivyo mnadhani tumeshinda. Ukisoma mbele, kifungu cha 51, unakuta kwamba sheria hiyo inaweza kuwekwa kando pale inapobidi kwa usalama wa taifa au kwa manufaa ya umma. Na huku kwetu, jameni, ni jambo gani lisiloitwa usalama wa taifa?

Na hata tusipokutana na kifungu cha 51, tunakutana na madirisha. Kijana wetu alikwenda kwa ofisi ya usajili wa watu. Wakamwambia sisi hatuna shida na wewe, nenda wakakufute kwa wakimbizi. Akaenda Dadaab, karibu kilomita mia moja, nauli ya kukopa. Huko akaambiwa sisi tunasajili wakimbizi, hatuamui nani ni Mkenya, lete barua ya kule ulikotoka. Akarudi. Akaambiwa barua kama hiyo inatoka Nairobi. Avukeje kwenda Nairobi bila kitambulisho? Mnajua vizuizi vilivyoko kuanzia darajani Tana mpaka ufike Mwingi. Kwa miaka mingi hapakuwa na utaratibu wazi wa kumtoa Mkenya kwenye daftari la wakimbizi. Kuingia kulikuwa na foleni, fomu, na mtu wa kukuandika. Kwa kutoka hapakuwa na meza. Hapo ndipo sisi tunapoilaumu sheria. Haki imeandikwa, lakini dirisha la kuidai halikuwekwa.

Kukosa kitambulisho kulikuwa shida tangu zamani, lakini siku hizi kumezidi. Miaka ya tisini mtu bila kitambulisho aliogopa polisi na kazi ya serikali, basi. Maisha mengine yaliendelea. Leo laini ya simu inasajiliwa kwa kitambulisho. Bila laini hakuna M-Pesa, na bila M-Pesa, mtu ataajiriwa vipi hata kusukuma mkokoteni, ikiwa malipo yanatumwa kwa simu? Kijana huyu anatumia laini ya shangazi yake. Shangazi akikasirika, kijana hana benki. Alipita mtihani wa kidato cha nne, akakosa mkopo wa chuo. Na tatizo linarithiwa. Msichana aliye katika hali hiyo akizaa, kumwandikisha mtoto wake kunakuwa vita vingine, ingawa Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa. Tunao hapa mjini watoto wa watoto wa ukame.

Ndugu mmoja wa parokia ametuandikia swali kwenye karatasi, na amefanya vyema asilifiche. Anauliza: "Sisi tuliwazika wenzetu. Si afadhali serikali ichunguze sana kuliko kuchunguza kidogo?"

Swali hilo tunaliheshimu. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, na waliuliza nani ni Mkristo. Baadhi yetu tuliokaa hapa tuliwapokea wazazi wao. Hatutawaambia msiwe na hofu, sisi wenyewe tunayo. Lakini kumbukeni jambo moja lililotangazwa wazi siku zile. Mmoja wa wauaji wale alikuwa Mkenya, mwana wa chifu wa Mandera, aliyehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Huyo hakuwa na shida ya vidole. Kumnyima kitambulisho kijana wa Fafi hakukumzuia yule. Na mpelelezi atamfuatilia nani kwa urahisi zaidi, mtu mwenye jina, namba na laini yake mwenyewe, au mtu anayeishi kwa laini ya shangazi? Uchunguzi ni sawa. Kumchunguza mtu ni kumwuliza, kumsikiliza, kutazama karatasi zake, kisha kumjibu. Kumwacha miaka sita bila jibu si uchunguzi.

Mahakama zimefanya nini? Zimefanya, tena si kidogo. Mnakumbuka Huduma Namba ya 2019, tulipopangwa foleni kwa machifu kutoa vidole. Wanubi, ambao mababu zao walikuwa askari wa Mwingereza na ambao wamepigwa msasa kama sisi kwa miaka mingi, walikwenda kortini kupitia Nubian Rights Forum pamoja na mashirika mengine. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakaamua kwamba serikali haina ruhusa ya kukusanya vinasaba vya watu wala alama za mahali wanapoishi kwa mpango huo, na kwamba mpango hauwezi kuendelea mpaka kanuni za kutosha ziwekwe. Walitambua pia hatari ya watu wasio na karatasi kuachwa nje. Oktoba 2021 jaji mwingine akasema kadi za Huduma zilitolewa kinyume cha sheria, kwa sababu serikali haikupima kwanza madhara yake kwa taarifa za watu. Mpango ukafifia, baadaye ukaja mwingine wa Maisha Namba, nao ukapelekwa kortini vile vile.

Lakini kesi yetu hasa ni ya hapa hapa. Mwaka wa 2021 shirika la Haki na Sheria, la Garissa, pamoja na wananchi watatu wenye usajili wa mara mbili, walifungua kesi ya kikatiba katika Mahakama Kuu ya Garissa. Hawakuomba pesa nyingi wala makuu. Waliomba watolewe kwenye daftari la wakimbizi, wapewe vitambulisho. Mwanzoni mwa 2025 mahakama ikakubaliana nao kwamba kunyimwa kule kulivunja haki zao. Siku ile tulisikia vigelegele mpaka sokoni.

Sisi tulifurahi, halafu tukahesabu. Kutoka 2021 mpaka 2025 ni miaka minne. Kijana anayeingia miaka kumi na minane anatoka na ishirini na miwili. Na walioshitaki walikuwa watatu. Je, yule ambaye hakushitaki, asiyejua hata kwamba kuna kesi, anayelisha ngamia kule Lagdera? Mahakama hujibu aliyebisha hodi. Kazi ya kuwatafuta wengine na kusafisha daftari zima ni ya serikali na Bunge, na hiyo ndiyo sehemu ambayo sheria yetu inakwenda kwa mwendo wa kobe, wakati mashine inakwenda kwa mwendo wa pikipiki.

Mzee ameuliza hapa juu ya tamko la Rais. Ni kweli, Februari 2025 Rais Ruto akiwa Wajir alitangaza kufuta ule msasa wa ziada kwa waombaji wa vitambulisho wa kaunti za mpakani. Tulilipokea kwa shukrani. Lakini msichanganye mambo mawili. Msasa ni kamati ya wazee na maofisa wa kukuuliza ukoo wako. Usajili wa mara mbili ni vidole vyako kuwa kwenye kompyuta ya wakimbizi. Unaweza kuondolewa msasa leo na vidole vyako vikabaki pale pale. Tena tamko si sheria iliyopitishwa na Bunge. Tumewaona wazazi wakienda na vijana wao wakidhani mambo yamekwisha, wakarudi wamekasirika.

Sasa tuseme ya kufanya, na hapa wasaidizi wa kisheria muandike.

La kwanza, mtu asijisajili tena kwa jina lingine. Tumeona wazazi wanamgeuza kijana kuwa Mohamed badala ya Ahmed wakidhani jina jipya litaficha kidole. Kidole ni kile kile, na sasa mmeongeza kosa la jinai, tena safari hii si la mtoto. Vile vile msimpe pesa dalali anayesema ana mtu ndani. Msichana mmoja wa mtaa wetu aliuza mbuzi wanne kwa ahadi ya namna hiyo. Dalali alihamia Thika.

Mnapokataliwa dirishani msiondoke na maneno ya mdomo. Maneno ya mdomo mahakamani ni upepo. Andikeni barua mkiomba sababu za kukataliwa, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Sheria ya Utendaji wa Haki Serikalini ya 2015 inaipa ofisi miezi mitatu kujibu kwa maandishi, na isipojibu, mahakama inaweza kuchukulia kwamba haikuwa na sababu nzuri. Yaani kimya chao kinakuwa ushahidi wako. Pia mnaweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, bila wakili, kwamba taarifa yenu ina makosa na mnataka irekebishwe. Yeye amepewa siku tisini. Hatusemi njia hii ni ya uhakika. Kile kifungu cha 51 kiko pale pale. Lakini barua mbili zenye muhuri ni bora kuliko safari kumi zisizo na karatasi.

Karatasi za mzazi ndizo zinazobeba kesi, kuliko za kijana. Kitambulisho cha baba kilichotolewa kabla ya 1991, kadi ya kliniki ya mama, cheti cha shule cha kaka mkubwa, kadi ile ya waridi ya babu: vyote hivyo vinasema familia hii ilikuwa hapa kabla ya kambi kuwepo. Mzee wa Iftin anayeogopa kuitupa kadi yake asiitupe. Kitu alichopewa ili kumshuku kinaweza kumtetea mjukuu.

Na akina mama, hili ni gumu lakini tuliseme. Kijana anahitaji hati ya kiapo ya mzazi ikieleza kwa nini alipelekwa kambini. Wengi mnaogopa, kwa sababu Sheria ya Wakimbizi ya 2006 ilifanya kutoa habari za uongo ili uandikwe mkimbizi kuwa kosa. Hofu hiyo ina msingi, hatutaipuuza. Kwa hiyo msiandike kiapo hicho peke yenu, wala kwa mwandishi wa barua pale nje ya posta. Kaeni na wakili kwanza, wa Haki na Sheria au wa huduma ya msaada wa kisheria ya serikali, mseme naye yote. Mama wa yule kijana wetu alikataa miaka mitatu. Alisema, "Nilimwokoa, sasa nijitie pingu ili niseme nilimwokoa?" Hatukuwa na jibu la haraka. Mwaka jana alikuja mwenyewe, akaketi, akasema andikeni. Wakili aliandika. Mama aliomba sentensi moja iwekwe kama alivyoisema, na wakili akaiweka: kwamba mwaka huo hapakuwa na orodha nyingine yenye jina lake.

Sisi pia tumeweka kiapo chetu, kwamba tulikuwepo, na tuliyomwambia.

Faili iko ofisini. Barua ya kuomba sababu ilipokelewa na kugongwa muhuri, na miezi mitatu inakwisha wiki ijayo. Jumatatu tunakwenda na kijana kuulizia jibu, kisha tunapita kwa wakili, liwe limekuja au halijaja. Wale saba mlioinua mikono, mkitaka kuandamana nasi, tukutane langoni saa mbili asubuhi. Njooni na vitambulisho vya wazazi na nakala zake, na msisahau cheti cha kuzaliwa.